Dhamana ni Haki: Ndugu Akikamatwa, Familia Ifanye Nini?

Ndugu akikamatwa katika visiwa vya delta ya Rufiji, familia hushindana na mambo mawili kwa pamoja: saa za sheria na maji ya bahari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema kwamba mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, ikionekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kulichunguza jambo lake na kumwachia kwa dhamana, awe na wadhamini au asiwe nao, isipokuwa kosa lionekane kuwa zito. Lakini chombo cha kutoka Mbwera husubiri maji yajae, na ukishuka Nyamisati bado unayo barabara ya Bungu kabla ya kuiona Kibiti. Jamaa wakifika siku ya pili mikono mitupu, hurudishwa kufuata barua, na kijana hulala tena mahabusu.

Msingi wa haki hii umo katika Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kuwa anayo. Dhamana basi si msamaha, wala si dalili kwamba kesi imekwisha. Ni ahadi ya kurudi siku na mahali palipotajwa. Na kwa kuwa ni ahadi, haiuzwi. Dhamana ya polisi haina malipo. Anayeombwa “hela ya dhamana” kaunta anaombwa rushwa, na sisi Waislamu tunajua hukumu ya mtoaji na mpokeaji wake.

Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwake, na kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Simu ya kwanza ikija, familia isianze kwa kulia. Iulize: uko kituo gani, umeambiwa kosa gani, nani anapeleleza? Kisha apatikane mdhamini mwenye makazi yanayojulikana, mwenye kitambulisho cha Taifa na barua ya utambulisho kutoka kwa Ofisa Mtendaji wa kijiji. Barua hiyo ndiyo inayotuchelewesha watu wa visiwani, hasa mtu akikamatwa Ijumaa jioni na mtendaji amekwenda mjini. Ni vyema ifuatwe usiku huohuo. Aliyekamatwa akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ana haki ya kuarifiwa, asikubali kuzuiwa mlangoni.

Mahakamani utasikia maneno kama “bondi ya shilingi milioni moja”, na wengi hukimbilia kuuza mbuzi au shamba la minazi. Kwa kawaida fedha hiyo hailipwi siku hiyo. Ni kiasi ambacho mdhamini ataweza kuamriwa kukilipa mshitakiwa akiruka dhamana. Pale tu mahakama inapotaka fedha taslimu au hati ya mali, kama katika kesi za mali ya thamani kubwa, ndipo panapohitajika kitu mkononi. Sheria inasema kiwango kisizidi kiasi cha haki. Masharti yakiwa mazito kupita uwezo, Mahakama Kuu inaweza kuombwa iyapunguze.

Yako makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang’anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengineyo. Jambo hili limebishaniwa sana. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilikiona kifungu cha namna hiyo kuwa kinapingana na Katiba, kisha Bunge likalirejesha katazo hilo kwa sura nyingine. Mwaka 2018, katika shauri la Mtobesya, mahakama hiyo ilifuta kifungu cha sheria hii kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha orodha ya makosa yasiyo na dhamana, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikairudisha. Waislamu hawahitaji kuelezwa uzito wake: Sheikh Farid Hadi na Sheikh Mselem Ali, walioshitakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, walikaa mahabusu bila hukumu hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021.

Kwetu Kibiti ipo khofu ya ziada. Mwaka 2017, baada ya viongozi wa vijiji na askari kuuawa, wakiwemo askari wanane waliouawa siku moja mwezi wa Aprili, ikaundwa Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, na msako ukawa mkali. Tangu hapo wapo wazee ambao hawataki kabisa majina yao yaandikwe kituoni kwa ajili ya mtu mwingine, hata aliyekamatwa kwa kukata mikoko au kwa ugomvi wa ng’ombe na mashamba. Nawaelewa. Lakini mdhamini hasemi kwamba kijana hakutenda. Anasema atamleta.

Wanafiqhi wetu huita jambo hili kafala ya nafsi, na katika dalili zake hutaja kisa cha Nabii Yaaqub, alayhi s-salaam, alipokataa kumtoa Binyamin mpaka wanawe wafunge ahadi ya kumrudisha. Katika kauli iliyo sahihi zaidi ya Mashafii, aliyedhaminiwa akifa na kuzikwa, mdhamini wa nafsi hadaiwi mali. Sheria ya nchi nayo ina mlango wake: mdhamini akimwona kijana anaanza kuyeyuka, anaweza kurudi mahakamani wakati wowote kuomba aondolewe dhamana, kabla bondi haijamwangukia.

Akina mama pia wanaweza kudhamini. Nimeona familia zikimtafuta mjomba aliyeko Dar es Salaam siku mbili nzima, ilhali mama mzazi ameketi ukumbini, kitambulisho chake kimo kabatini na mtendaji anamjua kwa jina.