Kompyuta Ifuate Kazi, Si Kazi Ifuate Kompyuta



Yapo mashamba ya chai ambako kilo haziandikwi tena kwa kalamu. Mchumaji huweka kidole penye kioo kidogo, programu humtambua, na kilo zake huingia. Ndivyo walivyopanga huko ofisini. Lakini mkono wa mchumaji si mkono wa karani: alama za vidole zimelika kwa miaka ya kazi, tena mvua inanyesha. Katika shamba moja tulilozuru, chombo kilikataa vidole vya akina mama mara tatu, mara nne, foleni ikasimama, naye msimamizi akasema mashine haikosei. Na kilo ndizo mshahara!

Wenzetu wa mbali walikwisha kulishika jambo hili. Huko Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1970, chama cha wafanyakazi wa chuma kilichunguza kompyuta za viwandani pamoja na mtaalamu Kristen Nygaard. Mwaka 1975 ukatiwa saini mkataba wa taifa zima: wafanyakazi waarifiwe mapema, nao wachague mjumbe wao wa mambo ya kompyuta.

Wapiga chapa wa Skandinavia wakaenda mbele zaidi katika mradi wa UTOPIA, 1981 hadi 1985. Waliketi meza moja na wataalamu. Michoro ya wataalamu haikuwasaidia, basi wakaunda kompyuta ya bandia kwa karatasi na mbao. Mpiga chapa alikaa mbele yake akapanga ukurasa wa gazeti kama afanyavyo kazini, na palipomkwaza alisema. Karatasi hurekebishwa kwa mkasi. Mashine iliyokwisha kununuliwa ni taabu nyingine. Baadaye vifaa vilijaribiwa katika gazeti la Aftonbladet, Stockholm. Waandishi wa habari, wenye chama chao, hawakuwamo katika mradi, na kwa maoni yetu hiyo ilikuwa dosari.

Programu iliyopimwa penye kazi yenyewe hujua pa kulegeza. Kidole kikikataa, hupokea kadi au namba. Mtandao ukikatika, huhifadhi kilo na kuzipeleka baadaye. Humpa mchumaji stakabadhi kwa lugha anayoisoma.

Matawi yaulize mambo mawili kabla chombo hakijafungwa: kidole kikikataliwa, nani ataandika kilo, na siku ya mshahara, karatasi ya nani itaaminiwa?