Kisanduku cha Soketi Hakipunguzi Uniti

Swali ni lilelile, Ngara mjini, Kabanga na hata Biharamulo: kile kisanduku cha kuchomeka kwenye soketi, kinachouzwa kama kiokoa umeme, kinapunguza uniti ngapi za LUKU? Hakipunguzi, na toleo jipya halitapunguza pia. Ndani yake huwa mna kapasita ndogo na kitaa. Madai ya wauzaji ni kwamba mota za friji na pampu hupoteza umeme kwa sababu zina koili, na kisanduku huurudisha. Dai hilo linaporomoka pale mtu anapoelewa koili hufanya nini. Chukua koili kamili, isiyo na ukinzani hata kidogo, ya henri 1. Volti haiuamuru mkondo wake uwe mkubwa kiasi gani. Huuamuru ubadilike kwa kasi gani. Kwa hiyo volti ikiwa kileleni mkondo ndio kwanza unapita sifuri, na volti ikifika sifuri mkondo uko kileleni. Kwa umeme wetu wa hezi 50, mkondo huchelewa milisekunde 5 nyuma ya volti. Volti 230 zitapitisha takriban ampea 0.73, lakini kwa milisekunde 5 koili huchukua nishati na kuihifadhi katika usumaku, na kwa milisekunde 5 zinazofuata huirudisha yote kwenye waya. Iache imewashwa mwaka mzima: haitakula hata uniti moja. Kisichopotea hakiwezi kuokolewa.

Hapo muuzaji hutoa kipimo cha ampea, na wengi huishia hapo kuamini. Mota inayotumia kilowati 1, mkondo wake ukiwa umechelewa kiasi cha kawaida, huvuta kama ampea 6.2; kapasita ya kutosha ikiwekwa, zinashuka hadi 4.3. Ampea zimepungua kweli, kwa kuwa sasa koili inapeana nishati na kapasita badala ya kupeana na laini. Kilowati imebaki 1 ileile, na mita ya LUKU ya nyumbani hukata kilowati-saa, haikati ampea. Wapo wanaosema waya hupata joto kidogo zaidi mkondo ukiwa mkubwa. Ni kweli, ila kwenye waya mfupi wa nyumba tofauti hiyo ni ndogo mno kulipia hata kisanduku. Wengine huuliza mbona viwanda hufunga kapasita. Hufunga kwa sababu wateja wakubwa hutozwa pia kwa kVA (volti mara ampea, kwa maelfu), na kwa sababu mkondo wa kwenda na kurudi hujaza transfoma na nyaya bure. Kituo cha umeme cha Rusumo huzalisha megawati 80 kwa nchi tatu, na fungu letu la Tanzania hufika Nyakanazi kwa laini ya kilovolti 220. Nafasi katika laini ina thamani. Mzigo huo ni wa shirika la umeme na wa mteja mkubwa, haumo katika uniti zako.

La kufanya ni hili. Mwenye mashine ya kusaga anayelipia kVA afungiwe kapasita za kipimo sahihi karibu na mota, na fundi aliyesajiliwa, zikizimwa pamoja na mota; na mota isiwe kubwa kupita kazi yake. Nyumbani: weka balbu za LED, badilisha raba ya mlango wa friji iliyochakaa, piga pasi nguo zote kwa mkupuo mmoja, mwite fundi akague waya unaovuja, na hakikisha umewekwa katika kundi sahihi la bei. Pesa ya kisanduku inunue balbu hizo. Faida yake utaisoma kwenye mita.