Mzee Naye Afundishwe Gitaa

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Usemi huo ni wa busara kwa mzazi mwenye mtoto wa kulea. Lakini siku hizi umegeuzwa kuwa hukumu juu ya wazee, kwamba aliyekwisha kufikia miaka 60 hana tena jambo jipya la kujifunza, na kazi iliyombakia ni kuketi barazani akihesabu siku. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo, na leo tunapenda kuipinga kwa mfano wa muziki.

Mji wetu wa Morogoro hauhitaji kuelezwa muziki ni nini. Hapa ndipo zilipokulia bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba, na kutoka chini ya milima ya Uluguru sauti za Salum Abdullah na Mbaraka Mwinshehe zilisikika hadi nje ya mipaka ya nchi. Wanamuziki hao wawili hawakujaliwa kuuona uzee. Salum Abdullah alifariki mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979, wote kwa ajali za barabarani. Vijana waliokuwa wakicheza nyimbo zao ndio wazee wetu wa leo. Walifanya kazi relini, mashambani na viwandani, wakalea watoto, wakastaafu. Nyimbo zile wanazijua kwa ghibu, lakini wengi wao gitaa lenyewe hawakupata kulishika.

Je, wakilishika leo watapata faida gani? Mwaka 2003 madaktari wa New York, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya watu 469 waliozidi umri wa miaka 75. Waliokuwa na desturi ya kupiga ala za muziki, kucheza dansi au kusoma walipatwa na maradhi ya kupotewa na akili kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Hatusemi kwamba muziki ni dawa, kwani huenda wenye akili timamu ndio waendeleao kupiga ala. Hata hivyo, mwaka 2007 watafiti wengine wa Marekani walieleza kwamba wazee wa miaka 60 hadi 85 waliofundishwa kinanda kwa miezi 6 walionyesha maendeleo katika baadhi ya mitihani ya kumbukumbu na wepesi wa fikra.

Jambo hilo halishangazi. Mwenye kujifunza ala hukumbuka wimbo, huongoza vidole vya mikono yote miwili na kusikiliza kosa lake ili alirekebishe, yote kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, muziki humtoa mtu katika upweke. Mjane anayengojewa na wenzake saa 10 jioni ana sababu ya kuvaa kanga safi na kutoka nje.

Kizuizi kikubwa, kwa maoni yetu, ni aibu kuliko ugumu wa vidole. Mzee huogopa kuchekwa na wajukuu. Tunapenda kukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Akina babu na bibi walishika kalamu kwa mara ya kwanza, wakaketi katika madawati ya watoto. Wako waliochekwa, lakini waliovumilia walijifunza kuandika majina yao kwa mikono yao wenyewe. Ikiwa herufi ziliwezekana, nyuzi za gitaa zitashindikanaje?

Wala jambo hili halihitaji fedha nyingi. Madarasa ya shule huwa matupu jioni. Gitaa moja laweza kutumiwa na wanafunzi watano kwa zamu. Walimu pia hawatakosekana, kwani wapiga vinanda wa makanisani na wanamuziki waliokwisha kustaafu wanaweza kujitolea saa chache kwa juma. Tunatoa rai kwa Manispaa, shule na viongozi wa mitaa wakae na wazee wenyewe, wawasikilize, kisha waanze hata kwa darasa moja.

Nasi tulio vijana tusiwacheke watakapokosea. Tuliambiwa zamani kwamba elimu haina mwisho, na hatukumbuki kuwa maneno hayo yaliwekewa mpaka wa umri.