Mboga za Majani Sokoni Turbo: Uteuzi, Upishi na Suala la Majina

Utangulizi

Mji wa Turbo umo katika Kaunti ya Uasin Gishu, kwenye barabara kuu itokayo Eldoret kuelekea Webuye na hatimaye Malaba. Ukivuka kidogo tu, unaingia Lugari katika Kaunti ya Kakamega. Kwa sababu hiyo, sokoni hukutana Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Waluo na wengineo, na aghalabu Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Makala haya yanadhamiria kueleza namna ya kuteua na kupika mboga za majani kwa manufaa ya afya, na kudhihirisha kuwa suala hili ni la lugha pia.

Utata wa Neno 'Mboga'

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Ushauri huu huleta utata ukitolewa kwa Kiswahili. Pwani na Tanzania, mboga ni kitoweo chochote cha kulia wali au ugali. Nyama na samaki pia ni mboga. Ndipo pakazuka haja ya kusema 'mboga za majani'. Huku kwetu bara, mboga ni majani, lakini kwa wengi majani yenyewe ni sukuma wiki na kabeji tu. Sukuma wiki ina lishe bora, ila haipasi kuwa peke yake sahanini mwaka mzima.

Pana tatizo jingine. Mmea ambao Kiswahili sanifu huuita mnavu, sokoni Turbo huitwa managu kwa athari ya Kikuyu, isochot kwa Kikalenjin na lisutsa kwa Kiluhya. Mgagani nao ni saga, isagek, tsisaka au dek. Bango la afya likimhimiza mgonjwa ale mnavu, huenda akarudi nyumbani mikono mitupu ilhali amepita mbele ya mafungu kumi ya mboga hiyohiyo.

Uteuzi

Kwanza, chagua majani machanga, mabichi, yasiyonyauka wala kugeuka manjano. Pili, muulize muuzaji yalikokuzwa, kwani mboga zinyweshwazo maji taka huweza kubeba vijidudu. Tatu, badilisha aina: leo mnavu, kesho kunde, keshokutwa mchicha, mlenda au majani ya maboga. Virutubishi hutofautiana baina ya mmea na mwingine, hivyo mmoja hufidia upungufu wa mwenzake. Nne, unapochambua mnavu, tupa matunda mabichi ya kijani, kwa kuwa huweza kuwa na sumu.

Upishi

Osha majani kabla ya kuyakata. Ukiyakata kwanza, vitamini C na virutubishi vingine viyeyukavyo majini hupotea. Tumia maji kidogo, funika sufuria na usipitishe muda. Supu inayobaki isimwagwe, isipokuwa pale uchungu unapozidi.

Wengi hutia magadi ili kulainisha mlenda au kunde. Waluhya nao hutumia musherekha, maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu ya mimea. Njia zote mbili hulainisha majani upesi, lakini huharibu sehemu ya vitamini C. Si lazima desturi hii iachwe. Inatosha kutia kiasi kidogo. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku katika vyakula vyote, hasa kwa mwenye shinikizo la damu.

Uchungu wa mnavu na mgagani ndio huwafukuza vijana. Hapa wazee wana maarifa. Wakalenjin huziunga kwa maziwa au malai, na pengine huzilaza hadi kesho yake ili uchungu upungue. Waluhya huchanganya mboga chungu na zisizo chungu. Sayansi huunga mkono sehemu ya maarifa haya: mafuta kidogo, yakiwemo ya maziwa, husaidia mwili kufyonza viinivitamini A vilivyomo katika majani. Nyanya mbichi au ndimu kando ya sahani husaidia ufyonzaji wa madini ya chuma, ilhali chai inywewayo pamoja na mlo huuzuia. Hata hivyo, wenye maradhi ya figo au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwone daktari kabla ya kubadilisha mlo.

Hitimisho

Mnamo mwaka 2021, UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kuendeleza vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Heshima hiyo inatudai sisi wanafunzi wa Kiswahili kazi mahsusi. Mtaalamu wa lishe anajua virutubishi; muuzaji wa Turbo anajua majina. Tunaoweza kuwakutanisha ni sisi, kwa kukusanya majina hayo soko kwa soko na kuyaweka kando ya istilahi sanifu katika faharasa moja. Hapo ndipo ushauri wa daktari utakapofika jikoni ukiwa na jina ambalo mpishi analitambua.