Ndege Aitaye Wenzake Shambani

Mtama unapoanza kukomaa katika sehemu za Karachuonyo, Ndhiwa na Nyatike, mkulima huziacha kazi nyingine akawa mlinzi wa ndege. Tangu alfajiri hupiga debe, huvuta kamba na kurusha mawe kwa kombeo. Sanamu aliyovikwa kanzu kuukuu husaidia kwa siku chache, kisha ndege huizoea, hata wengine hutua juu ya kichwa chake wakapumzika. Kwa hiyo si ajabu kwamba wako wakulima wanaouliza habari za njia iliyo kinyume cha hiyo, yaani kuwaita ndege badala ya kuwafukuza.

Njia hiyo hutumika sana huko Uingereza, ambako njiwa wa mwituni huharibu njegere na mazao mengineyo. Mwindaji hujificha nyuma ya wavu uliofunikwa majani. Mbele yake huweka njiwa wa bandia, au wale aliokwisha waua, wakielekea upande upepo unakotoka, maana njiwa hula na hutua akiukabili upepo. Katikati huacha nafasi wazi kama kiwanja. Njiwa wapitao juu huwaona wenzao wakila kwa amani, hudhani hapo pana chakula wala hapana adui, nao hushuka katika nafasi ile ile. Hapo ndipo hupigwa risasi. Wakulima wa huko hufanya hivyo kwa kibali cha serikali.

Lakini anayetaka kuiga jambo hilo katika Migori au Homa Bay na afikiri kwanza ni ndege gani anayemla. Hua na tetere ni ndege wa kula chini. Hufukua mbegu zilizopandwa juu juu, na baadaye huokota punje zilizoanguka. Si hodari wa kuning'inia katika shuke lililosimama. Mashuke huliwa hasa na mnana na kwelea. Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, naye hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Hesabu ni nyepesi: kundi la ndege 100,000 laweza kumaliza kilo 1,000, yaani magunia 11 ya kilo 90, kabla ya jua kutua. Kumwita hua mmoja mmoja kwa njiwa wa mti, huku wageni wa namna hiyo wamo shambani, ni kazi isiyo na faida. Na anayewaita ndege juu ya mazao yake bila ya kuwa na njia ya kuwanasa amejiongezea walaji tu.

Tena wako wakulima wanaowaita ndege bila ya kujua. Mtama wa gadamu, ambao wengi wamepanda kwa ajili ya kuuza kwa kiwanda cha bia, ni mweupe na huiva upesi. Hauna ule uchungu ulio katika mitama myekundu ya zamani, ambao ndege huuchukia punje zikiwa bado changa. Mtu mmoja akiupanda peke yake mapema kuliko majirani, shamba lake huwa ndilo chambo cha lokesheni nzima. Ndege wote huja kwake. Vivyo hivyo kwa mpunga wa mto Kuja na wa Kimira-Oluch: walimaji wakipanda kwa pamoja, hasara hugawanyika, na siku za ulinzi huwa chache.

Kuna jambo baya zaidi lililotokea kaskazini kidogo, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala. Mtaalamu wa ndege Martin Odino aliandika habari za watu waliomfunga korongo hai apate kuwavuta wenzake, huku wametia konokono dawa ya Furadan. Hua na bata walitegewa mpunga uliotiwa dawa hiyo hiyo. Ndege walipokufa waliuzwa kuwa kitoweo. Dawa hiyo ni kali mno. Punje yake moja yaweza kumwua ndege mdogo, na nyama yenye sumu haitambulikani kwa macho. Kampuni iliyoitengeneza iliiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009, baada ya simba kuuawa kwayo. Mama anayenunua ndege wa mwituni barabarani ana haki ya kuuliza walivyouawa, na akikosa jibu la kuridhisha ni afadhali apike omena.

Kule Kondoa, Tanzania, watu huwanasa kwelea kwa nyavu na mitego bila ya sumu yoyote, wakawala. Katika Kenya, hata hivyo, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa mchezo na hata kuwinda kwa kitoweo. Mkulima anayefikiria wavu, bunduki au njiwa wa bandia na aende kwanza katika ofisi ya Huduma ya Wanyamapori. Makundi makubwa ya kwelea ni kazi ya serikali, ambayo huyapulizia dawa mahali yanapolala. Ilifanya hivyo katika mpunga wa Kisumu mwaka 2023. Anayepaona mahali hapo na ampashe habari Bwana Shamba mapema, kabla ya mtama kukomaa.

Kwa hua, kazi iliyo kubwa ni ya wakati wa kupanda: mbegu ifunikwe vizuri, na shamba lilindwe mpaka miche isimame imara. Wakati wa kuvuna, mtama upurwe juu ya turubai karibu na nyumba, maana punje zilizomwagika shambani huwaweka hua hapo hapo mpaka msimu mwingine wa kupanda.