Samaki amepona, lakini dawa bado imo ndani

Ndugu wanamemba wa kooperative,

Karibu na sikukuu za mwisho wa mwaka tulitembelea kooperative moja ya milimani, hapa Kivu ya Kusini. Wamama walikuwa wamepatana na mnunuzi wa mjini: kilo 80 za tilapia, pesa ya minervali ya watoto. Lakini samaki wa bwawa kubwa walikuwa wameanza kutoka vidonda na kufa. Wakaenda duka la dawa, wakanunua oksitetrasiklini ya kuku, wakaichanganya na chakula kwa siku tano. Vifo vikasimama. Tulipofika, siku nne zilikuwa zimepita tangu dawa ya mwisho, na kesho yake ndiyo siku ya kuvua.

Mama prezida akatuuliza: "Ndugu agronomu, samaki ziko zinacheza muzuri. Tunangoya nini tena?"

Tukamjibu: "Mama, bwawa hili bado."

Dawa inabaki wapi?

Samaki anapokula dawa, damu inaipeleka mwili mzima: nyama, maini, ngozi. Ugonjwa unaweza kuisha kwa siku chache, lakini mwili unahitaji muda mrefu zaidi kutoa dawa yenyewe. Oksitetrasiklini tena inashikamana na chokaa, kwa hiyo inadumu katika mifupa na magamba. Na sisi wenyewe tunajua: samaki mdogo anakaangwa, analiwa na ngozi yake, hata na mifupa. Moto unapunguza sehemu ya dawa, hauimalizi.

Codex, kanuni za chakula za kimataifa, inakubali mikrogramu 200 tu za dawa hii kwa kilo 1 ya nyama ya samaki. Maana yake ni gramu moja ndani ya tani 5 za samaki. Ni kidogo sana, na haionekani kwa macho wala kusikika mdomoni.

Hatari ni nini? Mtu hataanguka siku ile ile. Lakini anayekula dawa kidogo kidogo anazoesha vijidudu vya mwilini mwake. Siku akiugua kweli, dawa ya hospitali inaweza kushindwa.

Kuhesabu siku za kungoja

Samaki hana joto lake mwenyewe kama ng'ombe. Maji yakiwa baridi, mwili wake unafanya kazi polepole, na dawa inachelewa kutoka. Kwa sababu hiyo tunahesabu siku pamoja na joto la maji.

Kama paketi imeandika muda wa kungoja kwa samaki, fuata huo. Kama ni dawa ya kuku au ya ng'ombe, siku zilizoandikwa pale hazifai kwa samaki. Sisi tunatumia kipimo cha 500 ambacho kanuni za Ulaya ziliweka kwa hali kama hiyo: gawanya 500 kwa joto la maji.

- Maji ya digrii 25: 500 ÷ 25 = siku 20.
- Maji ya digrii 20: 500 ÷ 20 = siku 25.

Anza kuhesabu siku inayofuata dawa ya mwisho. Pima joto asubuhi na jioni, chukua katikati yake. Kwa wale wamama maji yalikuwa digrii 20. Walikuwa wamengoja siku 4, zilibaki 21.

Dawa zisizo na siku za kungoja

Kuna zingine ambazo hata ukingoja, hapana:

- Rangi ya kijani ya malakiti. Inaua ukungu, lakini inajificha ndani ya mafuta ya samaki kwa muda mrefu. Ulaya na Marekani zimeikataza kwa samaki wa kula.
- Kloramfenikoli. Inaweza kuharibu utengenezaji wa damu ya mtu, hata kwa kiasi kidogo.
- Dawa ya kunyunyizia nyanya au kabichi. Usiiweke mu bwawa hata kwa kuua wadudu, na usioshe pompi yake hapo.

Kabla ya kukimbilia duka

Samaki wakipanda juu asubuhi wakifungua midomo, mara nyingi ni hewa imekosekana ndani ya maji. Dawa haitasaidia kitu. Acha kutia samadi, punguza chakula, ingiza maji mapya. Kama samaki wamebanana sana, wapunguze.

Kwa vidudu vya ngozi, chumvi ya jikoni inasaidia: gramu 200 kwa ndoo ya litri 20, samaki akae dakika 10. Akilala upande, mtoe mara moja. Vidonda vikizidi, ita veterinere mbele ya kununua kitu chochote.

Kila bwawa liwe na ukurasa wake katika daftari: jina la dawa, kiasi, siku ya kwanza na ya mwisho, joto la maji. Tena mti ukingoni wenye kibao: BADO. Na "tutakula sisi wenyewe" si jibu. Mtoto wa nyumbani naye ni mtu.

Wamama walifanya nini?

Walivua bwawa dogo ambalo halikupata dawa. Zilitoka kilo 35. Mnunuzi alinung'unika, akachukua. Bwawa kubwa waliliacha mpaka siku zikatimia, na ku soko bei ilikuwa imeshuka. Hatuwafichi: iliuma.

Na sehemu ya kosa ni yetu. Tuliwafundisha kuchimba, kulisha na kuhesabu vifaranga, lakini juu ya dawa hatukuwa tumesema neno. Sasa tunasema. Katika mkutano wenu unaokuja, mfungue daftari pamoja na mwulizane: bwawa gani lilipata dawa, na lini?

Kazi njema,
Maagronomu wenu