Geji ya tangi

Geji ya tangi ni kifaa kinachoonyesha kiasi cha maji, mafuta au kimiminika kingine kilichomo ndani ya tangi bila ya kulifungua. Sehemu yake inayotambua kimiminika huitwa kihisi au sensa. Sehemu inayosomwa na mtumiaji inaweza kuwa mshale, taa au namba.

Geji nyingi hazipimi lita moja kwa moja. Hupima kitu kingine, kama vile kimo cha boya, shinikizo la maji au kupita kwa umeme, halafu kipimo hicho hugeuzwa kuwa ujazo. Kwa sababu hiyo geji inaweza kuwa nzima na bado ikatoa jibu lisilo sahihi. Mara nyingi kosa hutokana na uchafu, waya au mpangilio mbaya, na linaweza kusahihishwa bila ya kununua kihisi kipya.

Umuhimu

Kupima kimo cha maji ni kazi ya zamani. Mjini Kairo, katika kisiwa cha Roda, bado kuna nilomita iliyojengwa mwaka 861 BK. Ni kisima chenye nguzo iliyochongwa alama, kilichotumiwa kupima mafuriko ya mto Nile.

Mkoa wa Tanga nchini Tanzania unaonyesha jinsi mahitaji yanavyotofautiana. Katika milima ya Usambara, ilipo kata ya Bungu wilayani Korogwe, maji ya chemchemi na vijito yanaweza kushushwa kwa mserereko bila ya pampu. Handeni, iliyo kwenye nyanda kavu zaidi, imekuwa na uhaba wa maji kwa miaka mingi. Mradi mkubwa wa maji wa huko, unaojulikana kwa kifupi kama HTM, huvuta maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa pampu.

Mahali ambapo maji hayatoki kila siku, familia, shule na zahanati huyahifadhi katika matangi ya plastiki au ya saruji. Hapo kosa dogo la geji lina gharama. Tangi la mviringo lililosimama, lenye kipenyo cha mita 1, hubeba karibu lita 7.85 kwa kila sentimita ya kimo. Geji ikikosea kwa sentimita 10, kosa ni karibu lita 78, yaani karibu madumu manne ya lita 20. Pia pampu inayoendeshwa na geji mbovu inaweza kumwaga maji usiku kucha, au kuzunguka bila maji mpaka ipate joto na kuharibika.

Aina za geji na kasoro zake

Mpira wa wazi. Ni bomba la plastiki linaloonyesha, lililounganishwa chini ya tangi na kusimamishwa nje yake. Maji hupanda humo mpaka usawa ule ule wa ndani. Mafundi ujenzi hutumia kanuni hiyo hiyo wanapopata usawa wa msingi kwa mpira wa maji. Kasoro zake ni kuziba kwa matope, kuota ukoga kwa sababu ya mwanga wa jua, na mapovu ya hewa. Ncha ya juu ya mpira lazima iwe wazi. Ikizibwa, hewa iliyonaswa huzuia maji kupanda.

Boya. Boya hupanda na kushuka pamoja na maji, likivuta kamba, likisukuma mkono wa chuma au likisogeza sumaku. Boya lililotoboka huingiza maji na kuelea chini kuliko inavyotakiwa. Boya linaweza pia kukwama kwa chumvi au kugusa ukuta wa tangi. Katika geji za umeme, boya hubadilisha ukinzani. Vihisi vingi vya mtindo wa Marekani huenda kutoka omu 240 tangi likiwa tupu hadi omu 33 likijaa, na vile vya mtindo wa Ulaya kutoka omu 10 hadi 180. Kihisi cha mtindo mmoja kikiunganishwa na mshale wa mtindo mwingine, mshale utadanganya ingawa vyote viwili ni vizima.

Vijiti vya umeme. Vijiti vya chuma huwekwa katika vimo mbalimbali, na maji yakivifikia, umeme mdogo hupita. Maji yenye chumvi nyingi au chokaa huacha ganda juu ya vijiti, na ganda hilo huzuia umeme. Mkondo mnyoofu ukipita muda wote huleta elektrolisisi na kula chuma. Ndiyo maana vifaa bora hutumia mkondo geu, au huwasha umeme kwa kitambo kifupi tu wakati wa kusoma.

Kihisi cha shinikizo. Huwekwa chini ya tangi. Kila mita 1 ya maji huongeza shinikizo la karibu kilopaskali 9.8. Kihisi kilichopangwa kwa maji hakifai kwa dizeli bila ya kusahihishwa, kwa sababu dizeli ni nyepesi. Sentimita 100 za dizeli zitasomeka kama sentimita 84 hivi.

Kihisi cha mwangwi. Hufungwa chini ya mfuniko, hutuma sauti isiyosikika na sikio la binadamu, kisha hupima muda wa mwangwi kurudi kutoka usoni pa maji. Matone ya mvuke, utando wa buibui au ukuta wa tangi vinaweza kurudisha mwangwi wa uongo. Joto nalo huongeza mwendo wa sauti: ni karibu mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20, na karibu mita 355 katika nyuzijoto 40. Kihisi kisichosahihisha joto kinaweza kukosea kwa sentimita 3 hivi kwa kila mita wakati jua ni kali. Pia hakisomi vizuri maji yaliyo karibu naye sana, kwa hiyo hufungwa juu kidogo ya kimo cha mwisho cha maji.

Umbo la tangi

Wakati mwingine kimo ni sahihi lakini lita si sahihi. Katika tangi la mviringo lililosimama, robo ya kimo ni robo ya ujazo. Katika tangi lililolazwa sivyo. Tangi la lita 1000 lililolazwa, maji yakifika robo ya kimo chake, lina karibu lita 196 na si 250. Dawa yake ni kulijaza kwa ndoo inayojulikana ujazo na kuweka alama kila baada ya lita kadhaa.

Kutafuta kosa

Kabla ya kugusa waya wowote, kimo cha kweli hupimwa kwa fimbo safi na kavu iliyosimamishwa wima mpaka chini ya tangi. Kipimo hicho hulinganishwa na geji mara tatu: maji yakiwa kidogo, ya wastani na mengi. Kwa mfano, ikiwa vimo vya kweli ni sentimita 20, 50 na 100:

1. Geji ikisoma 30, 60 na 110, kosa ni 10 kila mahali. Sifuri imehama, labda kihisi kimesogea. Hurekebishwa kwa kupanga sifuri upya.
2. Geji ikisoma 24, 60 na 120, kosa linakua pamoja na maji. Uwiano umepangwa vibaya, au kihisi na mshale haviendani.
3. Geji ikisoma namba moja wakati wote, boya limekwama, uchafu umefunika kihisi, au nyaya zimekatika au zimegusana.
4. Geji ikirukaruka, maungio ya waya yamelegea au yana kutu. Katika gari, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi hukaguliwa kwanza.

Baada ya hapo kihisi hutolewa na kusafishwa. Ganda la chokaa huyeyuka kwa siki au maji ya limau, kisha kihisi husuuzwa vizuri. Maungio hukwanguliwa, hukazwa na kukingwa na unyevu. Kihisi hubadilishwa tu ikiwa kosa limebaki baada ya hatua hizi.

Matangi ya magari ya kambi

Gari la kambi lina vitanda, jiko na choo ndani yake. Huwa na tangi la maji safi, la maji ya kuoshea na la maji taka ya choo. Geji ya kawaida ni skrubu kadhaa zilizopenya ukuta wa tangi katika vimo tofauti, kila moja na taa yake.

Kasoro yake inajulikana sana: tangi limemwagwa, lakini taa zinaonyesha limejaa nusu au zaidi. Mafuta ya vyombo, sabuni na karatasi vimeganda ukutani, na umeme hupita katika utando huo wenye unyevu kana kwamba ni maji. Tangi hutiwa maji na sabuni ya kuoshea vyombo, gari huendeshwa ili yatikisike, kisha humwagwa mahali panaporuhusiwa na kusuuzwa kwa mpira. Tabo likirudi mara kwa mara, hutumika vihisi vinavyobandikwa nje ya tangi la plastiki, ambavyo havigusi uchafu. Navyo hubandikwa mbali na vyuma ili visidanganyike.

Usalama

Umeme wa pampu huzimwa kabla ya kazi. Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni volti 230 na unaua. Dawa za klorini hazichanganywi na siki wala asidi nyingine, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Mtu hapaswi kuingia katika tangi la maji taka ili kutengeneza kihisi, wala kumfuata mwenzake aliyezirai humo. Gesi zake, hasa salfidi ya hidrojeni, zinaweza kumwangusha pia anayekwenda kuokoa.